Somo la Tisa: Wanyama Wadogo katika Bustani ya Mboga

Katika somo la nane tulijifunza namna ya kutengeneza bustani ya mboga karibu na nyumba. Tulisema kwamba majani mabichi kama lengalenga, matembele na sombe, pamoja na maboga yenye nyama ya manjano, yanasaidia macho na damu ya watoto. Leo tunaendelea na jambo jingine. Mtu akiisha kulima bustani, haikai tupu. Kabla mboga hazijafika sufuriani, chura amekwisha kuingia, na mjusi, na nyuki, na panya, na pengine nyoka.

Watu wengine wakiona hivyo wanafanya moja la mambo mawili. Wa kwanza anaogopa. Anaona nyoka mara moja katikati ya maboga, na tangu siku hiyo haendi tena bustanini. Magugu yanaota, mboga zinakufa, na watoto wanarudia kula ugali na chumvi. Wa pili anakasirika. Anaua kila kitu kinachotambaa, halafu ananunua sumu sokoni na kuimwaga juu ya majani yale yale ambayo jamaa yake watakula.

Njia hizi mbili hazifai. Katika somo hili utajifunza njia ya tatu: kujua ni mnyama gani anayekusaidia, ni yupi wa kuachwa apite, na ni yupi wa kujihadhari naye. Soma pole pole. Kama mtu wa nyumbani kwako hajui kusoma, umsomee, zaidi sana sehemu ya nyoka.

1. KWA NINI WANYAMA WANAKUJA

Mnyama haji bustanini kwa kukuchukia. Anakuja kwa sababu tatu: chakula, maji, na mahali pa kujificha. Wadudu wanakuja kula majani. Chura na mjusi wanakuja kula wadudu. Panya anakuja kula mahindi, karanga na viazi. Nyoka anakuja kula chura na panya. Kila mmoja anamfuata mwenzake.

Basi ukitaka kujua kwa nini nyoka anakuja kwako mara kwa mara, usimtazame nyoka tu. Tazama rundo la kuni lililokaa mwaka mzima mahali pamoja. Tazama ghala lenye matundu. Tazama majani marefu kando ya njia na takataka nyuma ya jiko. Ukiondoa vitu hivi, panya wanapungua. Panya wakipungua, nyoka hana sababu ya kukaa.

2. WASAIDIZI WA BUSTANI

Chura. Huyu ni mfanya kazi wa usiku. Mchana analala chini ya jiwe au katika udongo wenye unyevu, na jua likishuka anatoka kula wadudu, viwavi na konokono wadogo. Watu husema kwamba mtu akimgusa chura ataota chunjua. Si kweli, chunjua huletwa na vijidudu vinavyopita kutoka kwa mtu mmoja hata mwingine. Lakini ni kweli kwamba chura mwenye ngozi ya vipele anayo sumu nyuma ya macho yake. Sumu hiyo haikudhuru ukimwacha. Mbwa akimtafuna anaweza kuugua sana, na mtu asimpike kamwe. Mtoto akimshika, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kutia vidole machoni au kinywani.

Mijusi. Mijusi ya nyumbani na ya bustani, hata yule mwenye kichwa chekundu anayeinuka na kushuka juu ya jiwe, hawana sumu. Wanakula nzi, mchwa, mende na viwavi. Waache.

Kinyonga. Katika vijiji vingi watu wanamwogopa kinyonga kuliko wanavyomwogopa panya. Wanasema analeta kifo, au anatumwa na mchawi. Ndugu, mtazame kwa macho yako mwenyewe. Anatembea polepole, hana sumu, na kazi yake ya siku nzima ni kukamata wadudu kwa ulimi wake. Rangi yake inabadilika kwa sababu ya mwanga, joto na hofu. Ukimkuta juu ya nyanya zako, amekuja kazini.

Bundi. Naye amepigwa mawe mara nyingi bila kosa. Watu wakisikia sauti yake usiku wanasema kuna mtu atakayekufa. Lakini bundi anakuja karibu na nyumba kwa sababu panya wako karibu na nyumba. Yeye anakula panya usiku wakati wewe umelala. Mtu anayemwua bundi anawalinda panya, na panya ndio wanaoleta ugonjwa, kama tutakavyoona.

Nyuki. Mmea wa boga una maua ya namna mbili, ya kiume na ya kike. Ua la kike utalijua kwa tunda dogo lililo chini yake. Tunda hilo halikui mpaka vumbi la ua la kiume lifike katika ua la kike, na nyuki ndiye anayelichukua. Mahali pasipo nyuki, maua mengi yanaanguka na maboga ni machache. Kwa hiyo usichome moto kundi la nyuki kwa hasira. Kama wamejenga karibu na mlango, mwite mtu anayejua kazi ya mizinga awahamishe jioni.

Buibui na nyungunyungu. Buibui wengi wa bustani hawawezi kumdhuru mtu, na nyavu zao zinakamata wadudu wengi. Nyungunyungu, yaani mnyoo wa udongo, si yule mnyoo wa tumboni. Yeye anapasua udongo ili maji na hewa viingie. Ukimwona kwa wingi, furahi. Udongo wako ni mzuri.

3. WANAOUMA NA KUCHOMA

Nyuki akikuchoma, ondoa mwiba upesi, kwa kuwa sumu inaendelea kuingia. Nawa kwa maji na sabuni, kisha weka kitambaa chenye maji baridi. Mahali hapo patavimba siku moja au mbili. Lakini kama uso au midomo inavimba, kama mtu anapumua kwa shida, kama anazimia, au kama amechomwa na nyuki wengi sana, usingoje. Apelekwe hospitali mara moja, maana mtu wa namna hii anaweza kufa kwa muda mfupi.

Tandu na nge wanakaa chini ya mawe, magogo na majani yaliyooza. Uchungu wao ni mkali. Osha mahali hapo, weka maji baridi, na mpe mgonjwa parasetamoli. Kama aliyechomwa na nge ni mtoto mdogo, au kama mgonjwa anatapika, anatetemeka, au anapumua vibaya, mpeleke hospitali.

Jongoo haumi. Lakini akishikwa anatoa maji yanayochoma ngozi, na zaidi macho. Mkataze mtoto asicheze naye.

Kuna mdudu mwembamba mwenye mistari myeusi na myekundu ambaye haumi wala hachomi. Akipondwa juu ya ngozi, maji yake yanaleta malengelenge kama ya moto. Akitua juu ya shingo yako, usimpige. Mpulize aende zake, kisha nawa kwa sabuni.

Siafu wakipita, wapishe njia. Wanasafisha mende, viwavi na watoto wa panya. Lakini kumbuka watoto wachanga, wagonjwa wasioweza kuinuka, na kuku waliofungwa. Hao watolewe kwanza, siafu wapite, na baadaye mrudi.

4. PANYA

Panya hana sauti ya kutisha, na watu wamemzoea. Lakini kwa afya ya jamaa, huyu ni adui mkubwa kuliko wengi wanaoogopwa.

Kwanza, anaharibu chakula. Pili, anakojoa juu ya mboga na ndani ya vyombo, na mkojo wake unaweza kuleta homa na ugonjwa wa maini na figo. Kwa hiyo osha mboga zote kwa maji safi, na upike vizuri. Tatu, anabeba viroboto, na viroboto hawa wanaweza kuleta tauni.

Tauni si habari ya zamani tu. Katika Ituri imejulikana tangu miaka ya 1920, na mwaka 2020 ilionekana tena katika eneo la afya la Rethy. Inakuja hivi: panya anaugua na kufa; viroboto vyake vinaacha mzoga uliopoa na kutafuta damu ya moto; mtu aliye karibu anaumwa. Baada ya siku chache anashikwa na homa kali, na uvimbe wenye maumivu unatokea katika kinena, kwapani au shingoni. Tauni ikiingia mapafuni, mgonjwa anakohoa, na anaweza kuambukiza wengine kwa kukohoa. Dawa iko, na inaponya vizuri mtu akifika mapema. Akichelewa, mara nyingi anakufa.

Basi shika mambo haya:

Ukikuta panya amekufa bila kujua sababu, usimshike kwa mkono. Tumia jembe au mti mrefu, umtie katika shimo refu na kumfukia. Mkataze mtoto na mbwa wasimguse.

Ukikuta panya wengi wamekufa pamoja, mwambie mwuguzi wa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Habari hii inaweza kuokoa kijiji.

Weka mahindi na karanga katika chombo chenye kifuniko, au katika ghala lenye miguu mirefu. Zungushia kila mguu bati pana lililoelekea chini, ili panya asipande.

Tumia mtego kuliko sumu. Panya aliyekula sumu anaweza kuliwa na paka, kuku au bundi, nao wakafa.

Jambo lingine. Watoto wanapenda kukamata panya wa msituni na kindi, na kuwachoma. Wanyama kama hao wanaweza kuwa na ugonjwa wa mpoksi. Mtu wa kwanza aliyejulikana kuwa na ugonjwa huu alikuwa mtoto mchanga wa Basankusu, katika Equateur, mwaka 1970. Siku hizi mara nyingi unapita kutoka kwa mtu mmoja hata mwingine, lakini mnyama aliyeokotwa amekufa au anayeonekana mgonjwa bado ni hatari. Asiliwe, wala asichunwe.

5. KONOKONO NA MAJI YA KUMWAGILIA

Konokono wa nchi kavu, yule mkubwa mwenye nyumba nzito mgongoni, anakula shu na nyanya changa. Mkusanye jioni au asubuhi mapema, ukivaa mfuko mkononi au ukitumia jani pana, kisha nawa mikono. Bata wanampenda sana. Minyoo mingine hatari huishi ndani ya konokono na katika ute wake. Kwa hiyo mboga za kuliwa mbichi zioshwe jani kwa jani, na anayekula konokono ampike mpaka aive kabisa.

Konokono wadogo wa majini ni habari nyingine. Hao hawali mboga zako. Wanakaa katika kisima cha wazi, katika mfereji na penye majani kando ya ziwa, nao ndio wanaolea vijidudu vya kichocho. Vijidudu vinatoka ndani ya konokono mchana, zaidi jua likiwa juu, na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Hapana jeraha, hapana uchungu mkubwa. Baada ya miezi au miaka mtu anaona damu katika choo au mkojo, tumbo linauma, ini linavimba.

Kwa hiyo unapochota maji ya bustani, usiingie majini. Tengeneza ubao au mawe ya kusimamia, na utumie ndoo yenye kamba. Maji yakikaa katika pipa lililofunikwa siku mbili bila konokono ndani yake, vijidudu hivyo vinakufa. Zaidi ya yote, mtu asiende choo majini wala kando ya maji. Maana konokono hazaliwi na kichocho, bali anakipata kutoka kwetu. Ukiona damu, njoo hospitali. Dawa iitwayo prazikwanteli inaponya.

6. NYOKA

Sasa tunafika mahali ambapo wengi walitaka tuanze.

Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Nyoka mdogo wa rangi ya udongo anayeingia nyumbani usiku kutafuta panya mara nyingi ni mmoja wao. Lakini si kazi yako kuwatambua kwa kuwashika. Mhesabu kila nyoka kuwa mwenye sumu, kisha umpe nafasi ya kuondoka. Karibu wote wakisikia miguu ya mtu wanakimbia.

Wako wasiokimbia. Kifutu ni mnene na mfupi, rangi yake kama nyasi kavu, naye analala kimya akitegemea kwamba hutamwona. Ndugu yake wa msituni ana kichwa kipana, na mgongo wake unafanana na majani makavu yaliyoanguka. Hawa wanauma mtu anapowakanyaga. Swila anainua kichwa na kupanua shingo, na swila wengine wanatema sumu machoni kutoka mbali. Nyoka wa kijani wa miti ni wepesi, nao wanakaa juu zaidi kuliko chini.

Shirika la Afya la Ulimwengu linahesabu kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kwa kuumwa na nyoka duniani, na wengine wengi zaidi wanabaki vilema. Mwaka 2017 liliweka jambo hili katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Wanaoumwa ni wakulima na watoto wao, watu kama sisi. Wengi wanaumwa mguuni.

Namna ya kujilinda:

Fyeka majani kando ya njia na kuzunguka nyumba. Bustani yenyewe iwe na njia zinazoonekana kati ya matuta.

Vaa viatu vilivyofunika mguu, au buti kama unazo.

Usitie mkono mahali usipopaona: ndani ya shimo, chini ya jiwe, chini ya majani ya boga, ndani ya rundo la kuni. Tanguliza mti.

Usiku usitoke bila taa, hata kama choo kiko karibu. Nyoka wengi wanatembea usiku.

Lala juu ya kitanda, ndani ya chandarua kilichoingizwa chini ya mkeka au godoro. Chandarua kinazuia mbu, nacho kinazuia nyoka vilevile.

Ukimkuta nyoka, simama. Rudi nyuma polepole. Waite watoto kwa sauti ya utulivu na uwapeleke nyumbani. Mpe njia ya kutoka. Usimpige kama si lazima, kwa sababu watu wengi wameumwa wakati wa kutaka kumwua nyoka ambaye alikuwa anaenda zake. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma kwa muda.

Akitema sumu machoni: osha macho mara moja kwa maji mengi safi, muda wa dakika 15 au 20, ukifungua kope. Kama hakuna maji, tumia maziwa. Usisugue. Usitie dawa ya majani. Kisha nenda hospitali hata kama uchungu umepungua, maana kioo cha jicho kinaweza kuwa na kidonda.

Mtu akiumwa na nyoka, fanya hivi kwa utaratibu:

Moja. Ondoka penye nyoka. Usimfuate. Kumbuka rangi na ukubwa wake tu. Mwenye simu anaweza kumpiga picha kutoka mbali, lakini usipoteze wakati.

Mbili. Mlaze mgonjwa na kumtuliza. Mwambie ukweli huu: si kila kuumwa kuna sumu, na dawa iko.

Tatu. Vua pete, bangili, kiatu na nguo ya kubana kabla ya uvimbe.

Nne. Funga mguu au mkono kwa vijiti viwili na kitambaa, kama unavyofunga mfupa uliovunjika, ili usitikisike. Usikaze.

Tano. Mpeleke hospitali. Asitembee. Mchukueni kwa kipoyi, kwa baiskeli ya kusukumwa, au kwa pikipiki, yeye akikaa katikati, dereva mbele na mtu mwingine nyuma wa kumshika. Kama anatapika au anasinzia, alale kwa ubavu wa kushoto.

Sita. Kwa uchungu mpe parasetamoli. Usimpe aspirini, kwa kuwa inaongeza kutoka damu.

Na mambo haya usiyafanye kamwe. Usifunge kamba ya kukaza. Mguu unakosa damu na unaweza kuoza. Usikate kwa wembe. Usinyonye kwa kinywa. Usichome kwa moto. Usimpe pombe wala mafuta ya taa.

Tena tuseme wazi juu ya jiwe jeusi. Watu wengi katika inchi yetu wanaliamini, na wengine walilipata kwa watu wa misioni wenyewe, ambao nao waliliamini. Ni kipande cha mfupa kilichochomwa. Linashika juu ya jeraha kwa sababu linanyonya unyevu, lakini sumu imekwisha kuingia ndani ya mwili, mahali ambapo jiwe haliwezi kufika. Mtu aliyeumwa na nyoka asiye na sumu akipona, watu wanasema jiwe limemponya. Mtu aliyeumwa na kifutu anakaa na jiwe mguuni usiku kucha, na asubuhi wanamleta hospitali akitoka damu kwenye ufizi. Jiwe lenyewe halikumwua. Saa alizopoteza ndizo zilizomharibu. Kama huwezi kuwashinda wazee wa jamaa, waambie hivi: “Wekeni jiwe njiani, lakini twende sasa.”

Katika hospitali munganga atachukua damu kidogo na kuitia katika chupa safi ya kioo, halafu ataiacha dakika 20 bila kuitikisa. Kama haigandi, anajua kwamba sumu imeharibu damu. Atatazama pia kope za macho, maana sumu ya swila wengine inalegeza kope, kisha inazuia pumzi. Dawa yenyewe, inayotengenezwa kwa damu ya farasi, inatiwa katika mshipa. Si kila mgonjwa anahitaji dawa hiyo, nayo inaweza kumsumbua mwili. Ndiyo sababu haitolewi nyumbani wala sokoni. Kama munganga anasema, “Kaa hapa mpaka kesho tukuangalie,” usifikiri kwamba amekukataa. Sumu nyingine inachelewa kujionyesha.

7. JUU YA SUMU ZA KUUA WADUDU

Zamani watu walisifu DDT, na ilinyunyizwa mahali pengi. Baadaye ilionekana kwamba inakaa miaka mingi katika udongo na katika mafuta ya wanyama na ya watu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulikataza kuitumia katika kilimo.

Sumu zinazouzwa leo katika chupa ndogo bila karatasi ya maelezo zinaweza kuwa mbaya vilevile. Zinaua nyuki, buibui na chura pamoja na viwavi. Viwavi wanarudi upesi, lakini wasaidizi wako wanachelewa kurudi. Na kuna jambo baya zaidi: mtu anatia sumu katika chupa ya limonadi na kuiweka chini ya kitanda, mtoto anaona chupa, anakunywa.

Mtoto aliyekunywa sumu ya namna hii anatoka mate na jasho jingi, anatapika, anatetemeka, na kiini cha jicho kinakuwa kidogo kama kichwa cha sindano. Usimtapishe. Usimpe mafuta wala maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, kisha umkimbize hospitali, na chupa ile uilete pamoja naye.

Kwa bustani ya nyumbani, mikono yako inatosha mara nyingi. Pita asubuhi na kutoa viwavi kwa vidole. Nyunyiza maji yenye sabuni kidogo juu ya chawa wa mimea. Weka majivu kuzunguka miche. Badili mahali pa shu na nyanya kila msimu. Na kubali hasara kidogo: jani lenye tundu moja lina nguvu ile ile katika sufuria.

KAZI YA JUMA HILI

Zunguka bustani yako pamoja na watoto. Sogeza rundo la kuni mbali na mlango, ukitumia mti mrefu. Fyeka njia ya choo. Ziba matundu ya ghala. Chagua pamoja na majirani ni nani mwenye pikipiki au kipoyi, na njia ipi inafika hospitali upesi wakati wa mvua. Mambo haya yaamuliwe sasa, wakati hakuna anayelia.

MAULIZO

1. Taja wanyama wanne wanaosaidia bustani, na kazi ya kila mmoja.
2. Kwa nini mahali penye panya wengi panakuwa na nyoka?
3. Umekuta panya watano wamekufa karibu na ghala. Utafanya nini, na utamwambia nani?
4. Kwa nini si vizuri kusimama majini wakati wa kuchota maji ya bustani?
5. Jirani yako ameumwa mguuni. Mjomba wake anakata kamba ya kumfunga, na shangazi yake anatafuta jiwe jeusi. Utawaambia nini, na utafanya nini kwanza?
6. Chupa ya sumu iko wapi nyumbani kwako leo? Nenda ukaitazame kabla ya kufunga kitabu hiki.